Karatasi ya Kumi na Tisa

Kijana wa stationari karibu na stendi alipoingiza picha ya shangazi kwenye mashine ya laminesheni, ilitoka harufu ya karatasi ya kung'aa iliyopata moto, nami nikajikuta nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Akadhani ni uchungu wa msiba. "Pole mama, kaa hapo kwenye kiti," akaniambia. Nikakaa. Uchungu ulikuwepo, lakini harufu ile niliijua tangu darasa la tatu, na siku niliyoinusa mara ya kwanza nilikuwa naharibu kitabu cha mtu.

Nilikuwa nimekwenda pale kuchapa ratiba ya mazishi. Ukoo ulitaka ndani yake iwekwe aya moja kutoka kwenye vitabu vya marehemu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliandika vitabu vinne: vitatu vya watoto, na kimoja cha watu wazima kuhusu kukua mlimani bila kuona. Nilipouliza wanataka aya ipi, wote walinipa jibu moja: ile ya msichana anapogeuka nyuma na kuitazama tambarare. Wanaipenda kwa sababu wanashangaa jinsi mwanamke aliyepofushwa na surua kabla hajajua vizuri kutembea alivyoweza kuiandika. Mimi sishangai. Aya ile niliitunga mimi nikiwa na miaka tisa, nikamdanganya shangazi kwamba nimeisoma kwenye karatasi yake. Miaka yote hii jambo moja ndilo lililoninyima raha kila nilipomwona: sikujua kama alijua.

Nilipelekwa kuishi kwa Bibi baada ya mama kujifungua mapacha. Baba alifanya kazi kiwanda cha sukari huko chini, kwenye mashamba ya miwa, na nyumba yetu ya kambini ilikuwa chumba na sebule. Pacha wawili wakiingia, mmoja lazima atoke, na aliyekuwa anaweza kujifulia ni mimi. Nikapandishwa mlimani, juu ya Kiboriloni, kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo la migomba, na sanduku la bati na sare iliyokuwa inanipwaya. Kichagga sikukijua zaidi ya salamu. Shuleni wakaniita mtoto wa miwa siku ya kwanza, na jina likaganda.

Pale nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, Shangazi na mimi. Bibi alikuwa hakai. Shangazi alikaa, karibu kutwa nzima, barazani kwenye kiti cha mbao, na magotini kwake palikuwa na kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo vidogo. Alibana karatasi ndani ya kibao, akachukua msumari mfupi wenye kishikio cha mbao, akaanza kutoboa. Tok, tok, tok, kutoka kulia kwenda kushoto. Karatasi zenyewe zilikuwa kalenda kuukuu, kwa sababu ni nene na hazichaniki ovyo. Kila Januari majirani walimletea kalenda za mwaka uliokwisha, za kwaya, za ng'ombe wa maziwa, za twiga, naye alizipokea kwa mikono miwili kana kwamba ameletewa mchele.

Hakuna aliyenieleza ile ni kazi gani, na mimi sikuuliza. Nilijieleza mwenyewe. Bibi alipopumzika alipukuchua mahindi ili mikono isikae bure. Nikaona Shangazi, kwa kuwa mahindi yangemwagika, amepewa kalenda atoboe. Zaidi ya hapo nilikata shauri kwamba anatoboa siku zilizopita, ili ajue mwaka umeisha. Nilimwonea huruma. Nilikuwa mtoto mwenye majibu mengi, na majibu yangu yalikuwa yamenyooka kama nguo zangu.

Maana kitu kimoja lazima nikiri: mimi ni mtu wa kunyoosha. Hata leo sivai kitu chenye makunyanzi, na wanangu wananicheka kwamba napiga pasi mpaka soksi. Kwa hiyo shule ilipofunguliwa Januari, na mwalimu wetu wa darasa akatangaza kwamba daftari lisilojalidiwa hatalisahihisha, nilijua daftari zangu zitakuwa safi kuliko za wote. Kaki hatukuwa nayo. Watoto wengi walijalidi kwa kalenda, picha ikiwa nje, na aliyekuwa na picha nzuri alitamba mwezi mzima. Nami nilijua mahali zilipo kalenda nyingi kuliko nyumba yoyote pale kijijini. Zilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda cha Shangazi.

Nilichagua nane. Saba zangu, na moja ya Aisia, aliyekaa nami dawati moja na ambaye ndiye peke yake hakuniita mtoto wa miwa. Kasoro ilikuwa moja: karatasi zote zilikuwa na vipele. Nikasubiri Jumamosi Bibi alipomaliza kupiga pasi nguo za kanisani. Mkaa ulikuwa bado mwekundu ndani ya pasi. Nilitandika khanga mezani, nikalaza karatasi, nikaweka kitambaa chenye unyevu juu yake na kuikandamiza kwa uzito wangu wote. Wino ulipopata moto ukatoa ile harufu. Nilipoinua kitambaa, vipele vilikuwa vimelala chini kabisa. Nilifurahi sana. Nilifanya hivyo mara nane, na mara zote nane nilifurahi.

Jumatatu mwalimu aliinua daftari langu la Hisabati darasa zima lilione. Nikarudi nyumbani nikikimbia. Bibi alikuwa ameinamia ng'ombe, hakuwa na nafasi ya kutazama chochote, kwa hiyo nikaenda barazani.

"Shikamoo Shangazi. Mwalimu amenisifu. Nimekava madaftari yangu yote."

"Marahaba. Hebu nione."

Alisema hivyo siku zote, hebu nione, na maana yake ilikuwa umpe mkononi. Nikampa. Alipitisha kiganja juu ya jalada, akatikisa kichwa kuonyesha ni zuri. Kisha kiganja kikarudi. Safari hii ilikuja ncha ya kidole kimoja, polepole, ikasimama, ikarudi tena palepale.

"Karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye katoni yako. Ilikuwa na vipele, lakini nimeipiga pasi."

Nilimwona akitafuta pembeni yake mahali pa kuliweka lile daftari, na mkono wake ukikosa benchi lililokuwa hapo miaka yote. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Ngapi?" akauliza.

"Nane."

Bibi alikuja na ndoo ya maziwa, akaelezwa, akaita "Ruwa!", ambaye ndiye Mungu kwa Kichagga, na akageuka kutafuta fimbo. Shangazi akamzuia.

"Mama, muache. Hakujua. Hakuna aliyemwambia."

"Si uandike upya basi?"

"Ni kazi ya miaka miwili hiyo. Habari naikumbuka. Maneno yenyewe siyakumbuki."

Kisha akaniita, akanieleza kwa sauti ile ile ambayo angenieleza namna ya kuosha ndizi. Vile vipele ni maandishi, yanaitwa nukta nundu. Yeye anaandika kitabu cha watoto, cha msichana anayeufuata mfongo, ule mfereji wa maji, kupanda mlima hadi unapoanzia. Katoni ile ndiyo kitabu. Nilikaa chini kwenye sakafu. Sijui kama niliwahi kuona aibu kubwa kuliko ile mpaka leo, na nimeshaona aibu za watu wazima.

"Umesema umezilaza," akasema. "Alama zake huzioni kabisa?"

Nikaliinamisha daftari kwenye mwanga wa jua. Zilionekana. Kila nukta iliacha kiduara chake, hafifu lakini kamili.

"Naziona, Shangazi."

"Mimi sizisikii tena, wewe unaziona. Basi utanisomea."

Ndivyo nilivyojifunza. Kila alasiri, nikishatoka shule na kukata majani ya ng'ombe, nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Kila herufi ina nafasi sita, tatu kushoto na tatu kulia, zina namba moja mpaka sita. Mwanzoni sikujua herufi hata moja. Nilimtajia namba tu, yeye akatoboa upya kwenye karatasi nyingine. Moja na tatu, akasema hiyo ni k. Moja peke yake, hiyo ni a. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa nasema maneno kabla hajayasema yeye, na tulikuwa tukicheka. Kabla ya kuanza kila karatasi aliomba aiguse. Aliipapasa yote, juu mpaka chini, akanirudishia. Nadhani alikuwa anaaga.

Nilivua majalada ya daftari zangu moja baada ya jingine. Mwalimu akaacha kusahihisha, na mara mbili nilichapwa. Sikumwambia Shangazi habari za kuchapwa. Karatasi saba tukazimaliza. Ya nane ilikuwa kwa Aisia.

Nilikuwa nimeiacha mwisho makusudi. Kumnyang'anya mtu zawadi ni aibu, na rafiki nilikuwa naye mmoja tu. Nilipopata ujasiri wa kumwambia, nafasi yake dawatini ikawa tupu. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa kuvusha mitumba, na alikuwa amehamia Holili, mpakani, yeye na watoto wake na kila kitu. Nilisimama mbele ya nyumba waliyokuwa wamepanga Kiboriloni, nikatazama kufuli mlangoni. Karatasi hiyo, ya kumi na tisa kitabuni, ilikuwa imekwenda zake ikiwa imevikwa daftari la Maarifa ya Jamii.

"Imebaki moja," akasema Shangazi siku hiyo. "Ya kumi na tisa. Unayo?"

Ningeweza kusema hapana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nafikiri nilikuwa nimechoka kuwa yule aliyeharibu. Tena nilikuwa nimejenga jibu langu jingine lililonyooka: alisema maneno hayakumbuki, kwa hiyo hakumbuki chochote. Yaliyo kwenye ya kumi na tisa hayajui mtu yeyote duniani. Nikajibu, "Ninayo."

Nilijua karatasi ya kumi na nane inaishia wapi. Msichana amefika juu sana, amechoka, na maneno ya mwisho ni *akageuka nyuma*. Ya ishirini inaanza na *ndipo akashuka*. Hapo katikati ilikuwa lazima aone kitu. Na mimi nilijua mtu akisimama juu kule akigeuka nyuma anaona nini, kwa sababu nilikuwa nafanya hivyo kila asubuhi nikienda kuteka maji, wala sikumwambia mtu.

Nikachukua karatasi ya kalenda isiyo na nukta hata moja, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kutaja namba. Ilituchukua alasiri tatu. Nilisema msichana aliona migomba ya kijani kilichokolea, na njia ya udongo mwekundu. Nilisema mbali kabisa, kwenye tambarare ya kahawia, aliona kipande cha kijani kibichi, kilichokatwa pembe nne, na katikati yake moshi mweupe unapanda.

"Moja, tatu," nikasema. "Mbili, nne. Mbili, nne, tano. Moja..."

"Kijani," akasema Shangazi.

"Ndiyo."

"Nukta zake zinaonekana vizuri?"

"Vizuri sana."

"Endelea."

Alasiri ya tatu nikasema msichana alijua kwamba chini ya ule moshi kuna nyumba, na bati la nyumba hiyo lina kutu ya rangi ya chungwa, na mlangoni pake kuna ndoo ya bluu ya mama yake. Msumari ulisimama.

"Ndoo ya mama yake."

"Ndiyo, Shangazi. Imeandikwa hapa."

Nilisikia maji ya mfongo yakipita nyuma ya nyumba. Kisha akatoboa neno la mwisho, akafungua kibao, akatoa karatasi, akaipapasa yote. Ile niliyoishika mimi hakuomba kuigusa.

Alipofika Bibi, Shangazi akamwambia, "Mama, Jumamosi huyu mtoto ateremke akamwone mama yake. Alale huko hata siku mbili."

Nilidhani ni ujira wa kazi. Niliteremka nikiwa na kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye kopo na ndizi mbivu za wadogo zangu, nikifikiri kwamba nimeponea chupuchupu. Mama alikuwa mlangoni anafua, kwenye ndoo ile ile. Nilimkumbatia mpaka akauliza kama ninaumwa. Baada ya hapo niliteremka kila mwisho wa mwezi, na sikuwahi kujiuliza utaratibu huo ulianzia wapi.

Kitabu kilitoka nikiwa darasa la sita. Shangazi alikisoma kwa vidole, na mpiga chapa mjini akakipiga kama alivyosikia. Watu wazima waliwasomea watoto wao, na wengine, nadhani, walijisomea wenyewe. Kikaingia shuleni kwetu. Mwalimu alituchagulia tusome kwa sauti ukurasa ule, akasema, tazameni, asiyeona ameona kuliko ninyi. Niliinamisha uso juu ya dawati. Mtu alipomuuliza Shangazi amezijuaje rangi, alijibu, "Mlima huu una watu wengi," na akabadilisha mazungumzo. Nilisikia jibu hilo si chini ya mara kumi, na kila mara niliona anajitetea mbele ya watu kwa kosa langu.

Nikakua, nikasoma, nikaolewa, sasa ninaishi mtaa wa Soweto, mjini. Kila Desemba tukipanda nyumbani, nilimpelekea kalenda. Nilizikusanya mwaka mzima, ofisini, kwa majirani, dukani, na nilizibeba zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki ili zisikunjike. Kila Desemba nilijiambia mwaka huu nitasema. Nikimkuta anacheka na wajukuu, naona nisimharibie. Nikimkuta mgonjwa, naona nisimwongezee. Miaka ya mwisho alikuwa na kompyuta inayoongea, lakini kibao hakukiacha. "Kalenda umeleta?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza baada ya marahaba. Nilileta kalenda. Maneno sikuleta. Safari hii niliyapeleka kwenye jeneza.

Tulimzika kihambani, karibu na Bibi. Mwinjilisti alisoma aya kutoka kwenye ratiba, akasoma vizuri, na alipofika kwenye ndoo ya bluu wanawake walilia. Mama yangu, mzee sasa, alikuwa amekaa jirani yangu, akaninong'oneza kwamba hata sisi tulikuwa na ndoo kama ile. Nikamwambia ndiyo, tulikuwa nayo.

Siku ya tatu ukoo ulikaa kugawana vitu. Katoni hakuna aliyeitaka. Baba mdogo akasema, "Apewe huyu, si ndiye anayeyajua haya madudu?" Nikapewa. Zilikuwa katoni sita kwa kweli, nikakaa nazo barazani, alasiri, kwenye kile kigoda. Nilitafuta ya zamani kuliko zote. Kwa vidole sijawahi kuweza. Mimi husoma nukta nundu kwa macho, karatasi ikiinamishwa kwenye jua. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa, ambayo nukta zake zote nilizitaja mimi.

Chini yake palikuwa na kumi na tisa nyingine.

Nilidhani nimekosea namba. Nikaisoma. Msichana ameshageuka nyuma. Maji yanapita chini ya miguu yake. Anasikia kengele ya kanisa, anasikia mtu anapasua kuni, anasikia mwanamke anamwita ng'ombe, na kila sauti anajua imetoka nyumba gani. Hakuna rangi hata moja. Nikakumbuka vile vitabu vinne vyote, nilivyokuwa nimevisoma upya wiki ile ya msiba, na ndipo nikaona kitu ambacho mtu mzima mwenye akili zake angekiona zamani: rangi zimo kwenye ukurasa mmoja tu. Mwanamke aliyeandika bila kutaja rangi maisha yake yote alitajiwa kijani, kutu na bluu na mtoto aliyeshika karatasi tupu. Alijua kabla ya neno la kwanza kuisha. Habari anaikumbuka, alisema mwenyewe, mbele yangu.

Mwisho wa karatasi, chini ya mstari wa mwisho, aliacha nafasi, kisha akajitobolea maneno ya kujikumbusha wakati wa kumsomea mpiga chapa. Nikaiinamisha karatasi zaidi kwenye jua.

*Hii ni yangu. Kitabuni iingie ya mtoto wa miwa.*

Nililia pale barazani mpaka mama akatoka kuniangalia. Nikamwambia si kitu, ni Shangazi tu. Kisha nikafuta mikono vizuri, nikazirudisha karatasi kwenye katoni bila kuzikandamiza, yake chini, yangu juu, kama alivyozipanga.